Mafuta ya Mangina Ndani ya Transfo

Pua yangu imekufa, batoto bangu. Nawaambia mapema ili msije kwangu na chupa mkononi mkisema, "Papa Paluku, nusa kidogo." Mke wangu akiunguza maharagwe, mimi nimekaa pale pale jikoni na sijui kitu mpaka yeye mwenyewe arudi kutoka kisimani akinisema. Daktari anasema ni uzee pamoja na ile mafua iliyonilaza. Sawa, simbishii. Mais lakini, kwa maisha yangu yote ya kazi, hapa Mususa, mtaa wetu wa Butembo, pua hii ndiyo ilikuwa mashine yangu ya kwanza kabla ya zile zenye sindano na namba.

Kwa wale ambao hawajafungua transfo, transfoma ya umeme, bado: ni sanduku la chuma. Ndani mna moyo wa mabati yaliyopangwa, na bobine, nyaya za shaba zilizozungushwa na kuvikwa karatasi, na mafuta yamejaa juu yake. Mafuta yanazuia umeme usiruke mahali usipotakiwa, tena yanabeba joto kulipeleka nje. Yakiharibika, karatasi inaharibika nayo, na karatasi ikienda mnabaki na sanduku zito la kukalia wakati wa kula. Mengine mtajifunza mikono ikishachafuka.

Muzee Mbusa, aliyenifundisha kazi, hakutaka tuguse mashine ya kupimia kabla ya kunusa. Alikuwa anachovya kidole, anasugua na dole gumba, anapeleka puani, anafunga macho. "Hii imechoka," anasema. Au, "Hii imekunywa maji." Tulikuwa tunamcheka kwa pembeni, halafu tunapima na kukuta ni vilevile. Hakuna uchawi pale, mtu akinusa kitu kimoja miaka na miaka pua inazoea kusema kweli.

Alinifundisha pia neno moja ambalo nililishika kama Injili. Transfo inapumua, alisema. Mafuta yakipata moto yanavimba na kusukuma hewa nje. Yakipoa yanavuta hewa ndani, kupitia kale kachupa ka mawe ya buluu yanayokunywa unyevu. "Acha ipumue. Ukiiziba, itakupasukia." Kwa yale mafuta ya petroli yanayotoka ng'ambo kwa mapipa, alikuwa na haki kabisa. Mliweke neno hilo pembeni, maana litatuletea maneno.

Maternité ya Mama Masika, nyumba ya kuzalia, mnaijua, ile ya ukuta wa kijani, unapoteremka kwenda kwenye chemchemi. Nusu yenu mlizaliwa pale. Mama Masika ni mkunga na ndiye mwenye nyumba, hana mchezo, na akikuita jina lako lote ujue umekosa. Msimu mmoja wa mvua radi ilipiga transfo yake. Tangu siku hiyo alikuwa anazalisha akiwa ameuma torche mdomoni, maana mikono yote miwili ina kazi. Kajenereta kalikuwako, kadogo, lakini kalikuwa kanakohoa na kuzima penye kanapenda. Usiku mmoja kalizima wakati kichwa cha mtoto kimeshatokea. Mtoto alipona na mama alipona. Mama Masika ndiye ambaye hakupona hofu ile.

Alikuja atelier, karakana yetu, asubuhi, akakataa kiti.

"Papa Paluku, mimi siombi mambo mingi," akasema. "Nataka taa isizimike wakati mutoto iko njiani. Basi."

Nikamwahidi. Bobine tulizifunga upya bila shida, shaba tulikuwa nayo na karatasi tulikuwa nayo. Mafuta ndiyo hayakuwako. Mapipa yalikuwa yamekwama upande wa mpaka, na barabara ilikuwa na maneno yake, yale ya bunduki mnayoyajua, hakuna aliyeweza kusema itafunguka lini. Transfo ikabaki imekaa katikati ya atelier, mpya, kavu, haina kazi. Mama Masika alikuwa anapita mbele ya mlango wetu akienda sokoni na hasalimii. Nilianza kuogopa siku za soko.

Hapo ndipo Kanyere aliposema neno lake. Kanyere alikuwa inginia wetu, binti wa hapa hapa, alisomea mbali na akarudi. Mtu mpole, anasikiliza mpaka mwisho kabla ya kujibu.

"Na kama tunatumia mawese?" akauliza.

Kambale, mwenzangu wa siku zote, alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. "Inginia, tutapika sombe ya muhogo ndani ya transfo? Samaki ya kuchoma tutaweka upande gani?"

Kanyere naye akacheka. Halafu akatueleza kwamba huko kwingine watu wanatia mafuta ya mimea ndani ya transfo, wanakamua soya na mengine, na siyo kwa umaskini. Mafuta ya mimea hayawaki moto upesi, na transfo ya Mama Masika imeegemea ukuta wa chumba wanacholala wazazi. Tena yakivuja, udongo unayala, chemchemi ya chini haiharibiki.

"Sasa taabu iko wapi?" nikamwuliza.

"Taabu ni hewa," akasema. "Ile oksijeni inakulaka mafuta ya mimea. Mafuta inachacha, inatoa asidi, inakuwa nzito, mwisho inageuka gundi. Ya petroli inavumilia. Mawese haivumilie kama hatuisaidie. Kazi yote iko pale, Papa Paluku. Kutia ndani, kila mutu anaweza. Kufanya ikae miaka, njo kazi."

Donc basi tukapanda moto, pikipiki, mimi na Kambale, mpaka Beni, halafu Mangina, kwa Mama Katungu anayeuza mafuta. Akatuangalia viatu kwanza, halafu uso.

"Muko nataka ya kula ao ya sabuni?"

"Ya kutia ndani ya mashine ya moto wa umeme," Kambale akajibu.

"Basi nitabapatia ya leo," Mama Katungu akasema. "Ile imeshaona jua mutamuachia mutu wa sabuni."

Angalieni alichofanya, maana mimi siku ile niliangalia bila kuona. Alijaza bidon, dumu letu, mpaka shingoni, akaongeza, mafuta yakamwagika juu ya vidole. Akachukua kipande cha sashe, mfuko wa plastiki, akakilaza juu ya mdomo wa bidon, akakibonyeza hewa yote itoke, ndipo akafunga kifuniko. Kambale akalalamika kwamba suruali yake inalowa na bado tuna safari.

"Utafua suruali," Mama Katungu akamwambia. "Ukiacha nafasi pale juu, utafika Butembo na mafuta ya sabuni. Inaanzaka kuharibika pale upepo iko."

Tulipofika Beni, mafuta yalikuwa bado mepesi ndani ya bidon kama maji. Tukalala kwetu Butembo, na asubuhi Kambale akapindua bidon juu ya beseni. Hakuna kilichotoka. Akaitikisa, akaipiga makofi, wapi. Baridi ya Butembo mnaijua, mawese yalikuwa yameganda kama siagi.

"Inginia," akaita, "transfo yako inaomba koti."

Kanyere alikuwa anangojea hilo. Alisema baridi yetu itatusaidia kazi. Tukayamwaga kwenye mabeseni yenye vifuniko, tukayaacha ndani ya depo, na asubuhi tunayachuja kwa kitambaa. Ile sehemu nzito inabaki juu ya kitambaa, tunawapa akina mama wa sabuni, na ile inayoteremka tunaihifadhi. Tulirudia mpaka tukapata mafuta ambayo hata asubuhi ya mvua yanateremka vizuri. Kanyere akatuonya tusifurahi sana: sehemu ile inayobaki maji ndiyo hewa inaipenda zaidi. Tumetatua baridi, tumeongeza taabu ya kuchacha. Kazi ya mafuta iko hivyo, mnavuta blanketi kufunika kichwa na miguu inabaki nje.

Sasa makosa. Nawapa mawili, maana ninyi mtapata ya kwenu.

La kwanza ni la Kambale, na yeye mwenyewe hupenda kulisimulia akiwa amevimba kifua. Mafuta yetu yalikuwa mekundu. Akaona aibu kutia kitu chekundu ndani ya mashine. Nyumbani kwake mke wake anajua kuyafanya meupe: sufuria juu ya moto mkali mpaka yatoe moshi, rangi inakwisha. Akayachoma hivyo, beseni zima, katika sufuria kuukuu ya chuma, na kweli yalitoka mazuri, unaona kidole chako upande wa pili. Tukampigia makofi. Kanyere hakusema yeye ni mjinga. Alichukua chupa za mafuta ya kila aina, nyingine nyekundu, nyingine za Kambale, nyingine zilizosafishwa kwa udongo wa kufyonza rangi kwa moto wa polepole. Katika kila moja akatia kipande cha waya wa shaba, akazipanga ndani ya furu yetu ya kukaushia bobine, ile nyumba ndogo ya matofali yenye makaa chini. Akasema tungoje.

Ya Kambale ndiyo iliyochacha ya kwanza. Nilinusa asubuhi moja, pua yangu ikiwa bado hai, nikapata harufu ile ya karanga za zamani, ile inayokaa kooni. Za udongo zilikuwa bado tamu.

"Mafuta ilikuwa na dawa yake ndani tangu kwenye muti," Kanyere akaeleza. "Moto mukali imeiua. Na chuma ya sufuria imesaidia hewa. Kuwa safi kwa macho haitoshe."

Kambale akaangalia chupa yake nzuri, sasa imegeuka kahawia. "Basi bibi yangu ananikulisha hii kila siku," akasema.

Toka hapo tukafanya polepole. Asidi tuliiondoa kwa soda kidogo, kama mtu anayeanza kutengeneza sabuni na kubadili mawazo, tukaosha, tukaacha maji yatulie chini. Kukausha tulitumia pipa lililofungwa, tunalipasha moto mdogo huku pompe, pampu ya frigo kuukuu, inavuta hewa na mvuke. Kanyere akaagiza unga mweupe kidogo, ule ambao viwanda vinatia kwenye majarini isichache, akauyeyusha ndani. Nyaya za shaba zilizo wazi, zile za kuunganishia, tukazipaka risasi nyeupe ya kulehemu, maana shaba ikigusa mafuta ya mimea inaharakisha kuchacha, chupa zilishatuonyesha. Kikombe cha kupimia tukakijaza: vichwa viwili vya shaba vinatazamana, unapandisha umeme mpaka cheche iruke. Tulipandisha, tukapandisha, Kambale akaacha kupumua, haikuruka mpaka tulipopita pale tulipotaka. Siku ile nilifikiri tumemaliza.

Kosa la pili lilikuwa letu wote. Tulizamisha moyo wa transfo ndani ya mafuta, karatasi ikanywa, tukautoa tukague mara ya mwisho kabla ya kufunga. Na siku ile ile mama mzazi wa patron wetu, mwenye atelier, akafa. Mnajua kwetu: kilio kikiwa cha nyumba, atelier inafungwa, chombo hakiguswi mpaka baada ya mazishi na hata zaidi, wanaume wote tuko nje kwa moto pamoja na wafiwa. Kabla ya kuondoka tulifanya kama tulivyofanya siku zote na mafuta ya petroli. Tuliuweka moyo ndani ya furu, usipigwe na unyevu. Tukamwambia sentinelle, mlinzi wetu, asiache makaa yazime. Mtu mwaminifu sana yule. Kilio chote, makaa hayakuzima.

Tuliporudi, Kambale alifungua mlango wa furu na kuweka kidole juu ya bobine. Kidole kikanata. Alipokivuta, kikaja na uzi mrefu wa mafuta, kama gundi ya viatu. Mafuta mengi yakiwa pamoja yanajilinda, mais yakipakwa nyembamba juu ya shaba, kwenye joto, hewa pande zote, yanakwisha. Mafuta ya petroli yangevumilia kilio kile bila neno. Sisi tulikuwa tumeyabadilisha mafuta, mikono ikabaki na desturi za zamani.

Hakuna aliyemnyooshea mwenzake kidole. Kanyere alisema, "Hata mimi nilijua, na nilisahau." Tulivua karatasi zote za juu na kuvika upya. Na siku hiyo, bila shaka, Mama Masika alisimama kwa mlango. Aliangalia bobine iliyo uchi juu ya meza, ile aliyokuwa ameiona imemalizika.

"Muko nazivua tena," akasema.

"Tunazivua, Mama."

Alitikisa kichwa, akaenda zake. Nilikuwa na uchungu, sitawaficha. Nilitaka anitukane.

Donc, shikeni hili kuliko mengine yote: bobine ikishakunywa mafuta ya mimea, irudi ndani ya mafuta. Kukiwa na kilio, kukiwa na harusi, kukiwa na risasi barabarani, izamishe kwanza ndipo uende.

Ikabaki hewa. Kanyere alitaka tuzibe transfo kabisa. Mimi nikasema Muzee Mbusa alinifundisha ipumue, ukiiziba inapasuka, na mafuta yakipata moto lazima yapate pa kwenda. Yeye akasema ikipumua, kila jioni ikipoa itavuta hewa mpya ndani, na mawe ya buluu yanakamata maji tu, oksijeni inapita. Tulibishana kwa heshima siku kadhaa, kila mtu na haki yake. Ndipo nikamkumbuka Mama Katungu na kile kipande cha sashe. Nikawaambia. Kanyere akasema, "Sawa kabisa, inatupasa kitu kati ya mafuta na upepo. Mais kitu yenye inaweza kuvimba." Kambale zamani alifanya garage ya malori. Alitoka, akarudi na chambre à air, tyubu ya tairi la lori, begani, ile ya mpira mweusi.

Tukaitia ndani ya kale katangi kanakokaa juu ya transfo na kupokea mafuta yakivimba. Mdomo wake tukautoa nje, ukaunganishwa na kachupa ka mawe ya buluu. Mafuta yakivimba, yanaibana, inatoa pumzi. Yakipoa, inavuta pumzi na kujaa. Hewa inaingia na kutoka ndani ya mpira, mafuta hayaioni. Kabla ya kuitumia tuliacha kipande cha mpira ule ndani ya mafuta ya moto muda wa kutosha, tuone kama kitalainika. Hakikulainika. Muzee Mbusa akabaki na haki yake, Mama Katungu na yake.

Siku ya kuwasha, mtaa wote ulikuwa umeshasikia. Watoto walisimama ukutani wakingoja harufu ya beignet, maandazi. Mama Masika alipandisha manette, ile swichi kubwa, kwa mkono wake, taa ya chumba cha kuzalia ikawaka, akaitazama bila kupepesa. Halafu akageuka.

"Itachacha?"

Kanyere hakumdanganya. "Siku moja, ndiyo, Mama. Tumeichelewesha tu. Tutakuwa tunakuja kupima."

"Ninyi mutapima. Na mimi nitajua namna gani?"

Lilikuwa swali la haki. Nikamjazia chupa ya mafuta yale yale, yaliyobaki kwenye pipa, nikamwambia, "Tunza hii. Ni ndugu ya ile iko ndani." Alifurahi kuliko alivyofurahia taa. Akaiweka kwenye dirisha la chumba cha kuzalia, aione kila siku akinawa mikono.

Miezi ikapita, na msimu wa mvua ukarudi. Tulipima mara kwa mara, kila kitu sawa. Halafu siku moja mchana mtu akaja mbio: Mama Masika anatuita, amezima transfo.

Tulikwenda watatu, mvua inapiga mabati hata hatusikiani. Mawingu yalikuwa mazito, mchana uligeuka jioni. Ndani, nyuma ya pazia, mwanamke alikuwa katika uchungu, anaugua polepole. Mama Masika alitoka kwetu na torche mdomoni. Akaitoa ili aseme.

"Chupa imechacha," akasema. "Nimezima kabla inizimikie. Giza nimejiwekea mwenyewe, ile ninaiweza."

Akanipa chupa. Kifuniko hakikuwako. Juu ya mdomo palikuwa na kitambaa cha gaze, safi, kimefungwa kwa uzi kama kitovu. Yeye ni mkunga, batoto bangu. Kitu chochote anachotaka kiishi, lazima kipate hewa. Na jua la dirisha lilikuwa limeipiga kila asubuhi tangu tuliposherehekea.

Nikafungua gaze, nikapeleka puani, nikafunga macho kama nilivyofundishwa. Nikangoja.

"Haina kitu," nikasema. "Ni muzima."

Nilipofungua macho, Kambale alikuwa amejiziba pua na mkono. Kanyere alikuwa ananiangalia mimi, si chupa. Nikanusa tena, nikavuta kwa nguvu zote. Ilikuwa kama kunusa maji. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwa muda fulani nilikuwa nanusa kwa mazoea tu, na mashine ndizo zilizokuwa zinasema. Niliogopa, sioni neno lingine.

Kanyere alitoka nje kwenye mvua, akafungua robinet, koki ya chini ya transfo, akamwaga ya kwanza, akakinga iliyofuata katika glasi safi na kuifunika kwa kiganja. Aliporudi akaninyooshea mimi, kwa desturi. Rangi ilikuwa ya asali changa. Sikuipokea.

"Mupatie Mama," nikasema.

Mama Masika akashangaa. "Mimi? Wewe njo fundi."

"Pua yangu imekufa, Mama. Nusa wewe."

Hakunihurumia, na ninamshukuru kwa hilo. Akachukua glasi, akachovya kidole, akasugua na dole gumba, hakuna aliyemfundisha. Akanusa. Akachukua ile ya dirisha, akanusa, akaikunjia uso. Akarudi kwa glasi mara nyingine, akaonja kwa ncha ya ulimi. Nyuma ya pazia yule mwanamke alimwita kwa jina.

"Ile ya dirisha imeoza," akasema. "Hii, ningekuwa na sombe, ningepika."

"Ile uliipatia hewa, Mama," Kanyere akamwambia kwa upole. "Hii haijaiona."

"Nimeelewa," akajibu. "Nilizania namulinda."

Baadaye Kanyere alipima asidi ya glasi ile kwa matone yake yanayogeuka waridi, na cheche katika kikombe, na vyote vikasema kama alivyosema mkunga. Chupa ya dirisha ingali pale, na gaze yake, hakutaka tuitupe, anawaonyesha mafundi wapya wanaokuja. Ninyi mtaonyeshwa pia. Nami nilimwambia patron juma lile lile kwamba nimefika mwisho, na Kambale akachukua kazi ya kunusa, na baada yake mtachukua ninyi. Sina huzuni nayo. Kidogo tu, asubuhi, nikiona kahawa inatoa mvuke.

Mais siku ile, kabla ya hayo yote, Mama Masika alipita kati yetu bila kutuomba njia. Akapandisha manette mwenyewe. Taa ikawaka chumba kizima, na dirisha, na chupa. Akazima torche, akaitia ndani ya droo, akafunga droo kwa nyonga. Akanawa mikono. Tulisimama pale ukumbini, maji ya mvua yanatuchuruzika, na kupitia pazia tukamsikia akisema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Sukuma, mama. Sasa tunakuona."